Unasikia Wapi?

Jumatatu, 20 Mei 2024

Saa nane za usiku. Nimeamka tena kama nilivyoamka jana na juzi, moyo unanienda mbio kama mtu aliyekimbizwa, na hakuna aliyenikimbiza. Mvua imekatika. Bati linadondosha matone ya mwisho kwenye ndoo uani. Nimeona bora niwashe taa, nichukue daftari hili la shuleni lililobaki, niandike.

Mchana nilikwenda kituo cha afya. Nilieleza kuwa usingizi sina, kifua kinanibana, chakula hakipiti. Muuguzi akanipima presha, ikasoma 124 kwa 80, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Bi Mwalimu, presha yako haina neno. Punguza mawazo tu." Akanipa pole ya mama, akamwita anayefuata.

Punguza mawazo. Hilo nimeambiwa na kila mtu tangu mama afariki, Ramadhani iliyopita. Jirani, mkuu wangu wa kazi, mume wangu, muuza samaki. Nipunguze vipi kitu nisichojua kimeingiaje? Miaka 19 nafundisha Kiswahili, ngeli na minyambuliko, na leo ndiyo mara ya kwanza neno "mawazo" limenisimamia njiani likakataa kunipisha.

Alhamisi, 23 Mei

Nimelikalia neno hili siku tatu. Tukisema fulani ana mawazo, hatumsifu kwa kufikiri. Tunasema ana dhiki, kuna jambo linamla. Lakini jambo lenyewe hatulitaji, tunalifunika kwa jina la kazi ya kichwa. Aliyefiwa ana mawazo. Aliyeachwa ana mawazo. Anayedaiwa kodi ana mawazo. Mwenye hofu, mwenye wivu, mwenye aibu, wote tunawavisha kanzu moja.

Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na wao pia wanaliita hivyo hilo donda la huzuni. Mwenzangu anayeshughulikia ushauri nasaha shuleni ndiye aliyenieleza. Daktari Dixon Chibanda, alipoanza kazi yake mwaka 2006 mtaani Mbare, Harare, hakuwa na wataalamu wala vyumba. Akawafundisha bibi 14 wa mtaa wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wawasikilize. Bibi wale hawakutumia majina ya vitabuni. Walisema kufungisisa, kwa sababu mgonjwa analijua, na hatua ya kwanza ya mazungumzo yao inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Benchi hilo limefika hata hapa kwetu Unguja. Mimi nimeshika neno moja tu katika habari yote hiyo. Hawakuambiwa wayapunguze. Waliambiwa wayafungue.

Leo darasani, Kidato cha Tatu, niliwaomba wanafunzi wataje namna tunavyosema tunavyohisi. Tukaandika ubaoni: hofu imeniingia, hasira zimenipanda, huzuni imenishika, wivu unanichoma, nafsi inanisuta. Upande wa pili tukaandika: nafikiri, nawaza, nakumbuka, napanga, naamua. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hisia zinatutenda, fikra tunazitenda sisi." Darasa likampigia makofi, na mimi nilikuwa wa kwanza. Kisha mvulana wa nyuma akauliza: "Na 'mawazo yamenizidi' tuiweke upande gani?" Nikabaki na chaki mkononi. Kengele ikalia.

Nimerudi na swali lake nyumbani. Fikra ikishafika mahali pa kunizidi, kunijaa, kunilemea, haiwi tena kitendo changu. Imehama upande wa ubao. Na kama imehamia kwenye hisia, basi huenda ilikuwa hisia tangu mwanzo, imejitanda nguo za fikra ipate kupita bila kuulizwa.

Jumapili, 26 Mei

Kaka aliniagizia kofia kabla ya Ramadhani, avae sikukuu ya Mfunguo Tatu huko Maskati. Kitambaa cheupe, uzi mweupe. Vitundu vidogo vya duara, kila kimoja unakitoboa kwa ncha, kisha unakizungushia uzi mpaka ukingo wake unakuwa mgumu kama punje ya mchele. Mama ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka tisa. Alikuwa akigeuza kazi yangu upande wa ndani kwanza. Akisema nje kila mtu anaweza.

Jana nilishona mpaka saa tano usiku. Leo asubuhi nimeitoa kwenye mwanga. Safu mbili za chini zimelala vizuri. Safu ya tatu kitambaa kimevutika, kimekunjana, na vitundu vimebana kama midomo ya mtu aliyenuna. Nimejaribu kukumbuka safu hiyo niliianza lini. Niliianza baada ya kusikiliza ujumbe wa sauti wa kaka. Ujumbe wenyewe hauna ubaya wowote. Ameuliza habari za paa la nyumba ya mama, ameniambia nisijichoshe. Nilimjibu "Alhamdulillahi", nikashika sindano, na ningeapa kwamba nimetulia.

Mkono ulijua nisilolijua mimi.

Jumatano, 5 Juni

Usiku mzima nasikiliza kesi. Mimi ndiye mlalamikaji, mimi ndiye wakili, mimi ndiye kadhi, na kaka simpi nafasi ya kujitetea. Miaka miwili ya kiharusi cha mama. Nani alimgeuza kitandani, nani alimsugua mgongo kwa mafuta ya nazi asipate vidonda, nani alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Hukumu hutoka karibu na alfajiri, na usiku unaofuata kesi inaanza upya. Mama alikuwa akitusimulia vinu vya mafuta ya ufuta vya mjini enzi za utoto wake. Ngamia kafungwa kitambaa machoni, anazunguka kinu tangu asubuhi. Lakini kinu kile kilitoa mafuta.

Mwenzangu kanipa tena karatasi za kusoma. Profesa Susan Nolen-Hoeksema alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Mwaka 1989 aliwapa wanafunzi wa hapo maswali kuhusu hali zao na mambo wanayoyafanya wakiwa na huzuni. Siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba, likapiga tetemeko la Loma Prieta. Akawarudia baada ya siku 10, akawarudia tena baada ya wiki saba. Waliokuwa na tabia ya kuizungukazunguka huzuni yao, kwa nini mimi, kwa nini niko hivi, ndio aliowakuta wamelemewa zaidi, hata alipohesabu hali waliyokuwa nayo kabla ardhi haijatikisika. Nimelisoma hilo mara mbili. Nilikuwa nikidhani kuwaza sana ni kujichunguza. Kumbe mtu anaweza kujizunguka mwaka mzima asijione.

Na mwingine, James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall. Utafiti wao ulichapishwa 1986. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya juujuu. Baadhi waliandika jambo lililowahi kuwaumiza, lakini tukio peke yake. Baadhi, hisia peke yake. Na baadhi waliandika yote mawili, lililotokea na walivyolisikia. Kundi hilo la mwisho liliinuka kwenye meza likiwa na huzuni kuliko lilivyokaa. Lakini katika miezi iliyofuata ndilo lililokwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi.

Nimezirudia kurasa zangu nyingine, zile nilizoanza tangu arobaini ya mama. Kurasa tisa. Tarehe, majina ya dawa, nani alilipa nini, nani alipiga simu lini na nani hakupiga. Hesabu za karani. Hakuna mstari hata mmoja unaosema nilisikia nini.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeitega simu dakika 15.

Hitima, siku ya tatu. Kaka kafika jana yake usiku, mama keshazikwa. Niko uani na sufuria la pilau, moshi machoni, upawa mkononi. Dirisha la ukumbini li wazi. Namsikia shangazi akimwambia kaka: "Mama yako kakuita wewe mpaka pumzi ya mwisho. Jina lako ndilo alilokwenda nalo." Kaka akalia kwa sauti. Nikasikia watu wanasogea kumshika. Mimi nikafunua sufuria kuangalia kama wali umeiva.

Na ni kweli alivyosema shangazi. Nilikuwepo. Mkono wa mama ulikuwa ndani ya mkono wangu. Alinitazama usoni, akaita jina la kaka. Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya pili nikamwambia, mama, ni mimi. Mara ya tatu nikaitika. Sikuitika "abee" kama mwanamke anavyoitika. Niliitika "naam", tena kwa sauti nzito, ili asikie mwanawe amefika.

Koo limekaba. Dakika 11. Naacha.

Alhamisi, 13 Juni

Nilikwenda kumwamkia somo yangu. Ametimiza miaka 78 na bado anachagua mchele wake mwenyewe, ungo mapajani, vidole vinajua chuya bila macho. Nikakaa mkekani karibu naye, nikaanza kumweleza. Nawaza hivi, nawaza vile, kaka alisema hivi, angesema vile. Aliniacha niseme mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza:

"Unasikia wapi?"

"Sijakuelewa, somo."

"Unachowaza umeshaniambia, mwanangu. Nakuuliza unakisikia wapi. Mwilini."

Nikanyamaza. Ilinichukua muda, kwa sababu sikuwahi kutazama. Kisha nikamwonyesha kwa kidole, hapa, chini ya koo, kama kokwa ya tende iliyokataa kushuka.

"Ina moto au baridi?"

"Baridi."

Akapeta ungo mara mbili. "Basi si hasira. Hasira ina moto." Akarudi kwenye mchele wake, na hakuniongezea neno juu ya hilo. Tukazungumza habari za bei ya karafuu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na swali lake. Sisi njaa tunaisikia, baridi tunaisikia, uchungu tunausikia. Lugha yetu imeipa hisia kazi ya sikio, na sikio halifanyi kazi huku unasema. Tunaulizana, "Unajisikiaje?" na tunajibu "Vizuri" kabla swali halijatua. Halafu tazama upande wa pili wa kitenzi hichohicho. Fulani anajisikia, maana yake ana majivuno. Tangu udogo wangu, hasa sisi wasichana, tumeonywa: usijisikie. Nimewaonya hivyo na wanangu. Nawaza ni wangapi tuliolishika onyo hilo kwa maana zake zote mbili, tukakua tukiona kwamba kusikiliza yanayopita ndani yetu ni aina ya kiburi.

Ijumaa, 14 Juni. Usiku

Kama si hasira, ni nini? Nimeyajaribisha maneno moja moja, kama mteja anavyojaribishwa kofia. Huzuni: inapwaya, ipo lakini si ya kichwa hiki. Uchovu: ndogo, haishuki. Majuto: nayo haikukaa.

Wivu.

Imekaa.

Namwonea wivu kaka yangu. Mwanamke wa miaka 44, mwalimu, mama wa watoto watatu, nina wivu wa mtoto aliyenyimwa paja la mama yake. Na chini ya wivu kuna jingine, na hili niliandike haraka kabla sijapata haya. Nina kinyongo na mama. Nimemwogesha miaka miwili, na nina kinyongo naye kwa kuwa mwisho wake hakunijua.

Nimeandika. Mwandiko umepinda lakini unasomeka. Nimelia mpaka adhana ya alfajiri, machozi ya kwanza tangu Ramadhani. Mume wangu aliamka, akakaa kitandani karibu nami, hakuuliza kitu. Mungu amlipe kwa hilo.

Jumanne, 18 Juni

Sikukuu imepita nyumba ikiwa na wageni. Kofia haikuwahi.

Kwenye darsa letu la wanawake, ustadhi aliwahi kutusimulia Imamu Ghazali, na leo nimeitafuta habari hiyo tena. Rajabu mwaka 488 Hijria, yaani 1095. Alikuwa mwalimu mkubwa wa Nizamiya ya Baghdad, mtu wa hoja asiyeshindwa. Karibu miezi sita alikaa akivutana na nafsi yake, aondoke aache cheo, au abaki. Asubuhi ameamua, jioni ameghairi. Mpaka siku moja ulimi ukamkatalia darasani. Hakuweza kutamka neno. Chakula kikakataa kupita. Matabibu walipomtazama wakasema jambo hili limeshuka moyoni, na kutoka moyoni limeenea mwilini, na dawa haitafaa mpaka moyo upumue. Yeye mwenyewe ameyaandika hayo katika kitabu chake cha maisha yake.

Chakula hakipiti. Ndivyo nilivyomwambia muuguzi. Ghazali hakupungukiwa na akili, alikuwa nayo kuliko wote mjini, na akili hiyohiyo ndiyo iliyomzungusha miezi sita, kwa sababu aliipa kazi ya kubishana na kitu ambacho mwili ulikuwa umeshakijua.

Lakini nisije nikaifanya hisia kadhi. Wivu wangu unasema kaka kaniibia mama. Hapo sasa nataka fikra, ile ya upande wake wa ubao, inayotenda. Nimekaa nayo mchana huu kwa utulivu ambao sikuwa nao kwa miezi. Kaka hakuiba kitu. Hakumwambia mama amwite. Dawa za miaka miwili alizilipa yeye, na karatasi za kutuma pesa ninazo mwenyewe kwenye droo. Daktari wa wodi alitueleza mapema kwamba kiharusi huchanganya majina. Na hata kabla ya maradhi, mama akiwa mzima jikoni, akinitaka mimi alianza na jina la kaka, kisha la marehemu mdogo wetu, ndipo afike kwangu. Aliita orodha nzima. Leo limenipitia wazo kwamba labda usiku ule alikuwa mwanzo wa orodha, na pumzi haikumfikisha.

Sijui, na sitajua. Nisilishike kwa sababu tu ni tamu. Nimeliandika, likae hapa pamoja na mengine.

Kokwa ipo bado. Imekuwa ndogo.

Jumapili, 30 Juni

Nimempigia kaka. Si ujumbe wa sauti, simu.

Tulianza na paa, kama kawaida. Fundi anataka mabati 30, mbao zimeliwa na mchwa upande wa kibla. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema:

"Kaka, mama alipokuita, niliitika mimi. Niliitika 'naam'."

Kimya kirefu, nikadhani simu imekatika. Nikasikia kiyoyozi cha chumba chake kinavuma.

"Akaridhika?"

"Alifumba macho."

Akavuta pumzi. Akanieleza jambo ambalo hakumwambia mtu, hata mkewe. Nilipompigia usiku ule aliiona simu. Ilikuwa mkononi. Aliona jina langu, akajua kilichomo ndani yake, akaiacha ikalia mpaka ikanyamaza. Akaiacha mara ya pili. "Nilisema nikiipokea itakuwa kweli, mdogo wangu." Tangu hapo ananitumia ujumbe wa paa, wa mita ya umeme, wa mnazi wa nyuma, kwa kuwa kila akitaka kuniuliza mama alikwendaje, mdomo unageukia kwenye paa.

Miezi mitatu nimemwendeshea kesi mtu huyu bila kujua hata hilo.

Nikamwambia nimemwonea wivu. Nilisema hivyohivyo, bila kulizungusha. Hakucheka, wala hakuniambia nisiseme hivyo. Alisema: "Mimi nakuonea wewe. Ulimshika mkono." Tukalia wote wawili kwenye simu, pesa za watu zinakatika.

Karibu na kuagana akasema, "Silali siku hizi. Nina mawazo tu."

Nikamuuliza anasikia wapi.

Jumamosi, 6 Julai

Usiku nne kati ya sita nimelala mpaka alfajiri. Usiku mbili, hapana. Juzi niliamka saa tisa na moyo mbio, na badala ya kufungua kesi nikaweka mkono chini ya koo, nikauliza. Ilikuwa hofu, tena hofu ndogo inayojulikana: mwanangu wa kwanza anaanza masomo bara mwezi ujao. Nikaitaja kwa jina lake, nikanywa maji. Usingizi haukuja upesi, lakini kinu hakikuzunguka.

Leo nimeifumua safu ya tatu yote. Kazi ya saa tatu, kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, maana ukiuvuta kwa pupa unachana kitambaa. Ukiinua kwenye mwanga unaona alama za matundu ya mwanzo. Nimekiloweka, nimekianika, nitakipiga pasi jioni. Kaka amenitumia kipimo cha kichwa tena, inchi 22 na nusu, kilekile cha mwanzo, na nyuma ya sauti yake namsikia mkewe akimwambia aushike utepe vizuri.

Nimegeuza upande wa ndani kuangalia safu mbili za chini. Hizo zinabaki.